Magunia Matatu ya Hewa: Kufundisha Ukinzani wa Hewa kwa Karatasi na Mkasi

Walimu wenzetu wa fizikia, wakuu wa shule mliotenga asubuhi hii, na nanyi wahudumu wa maabara ambao bila ninyi hakuna jaribio linalosimama: hamjambo, na karibuni.

Chukueni darasa la kawaida lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6, na mita 3 kutoka sakafuni hadi darini. Hizo ni mita za ujazo 144. Hapa Kampala, karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, kila mita ya ujazo ya hewa ina tungamo (kiasi cha maada) la kilo 1 na ushei. Kwa hiyo hewa iliyomo darasani ni karibu kilo 150, yaani magunia matatu ya posho (unga wa mahindi) ya kilo 50. Mwanafunzi ameketi katikati ya magunia hayo na anaamini chumba ni kitupu. Mwambieni afanye hesabu hii mwenyewe kwa vipimo vya darasa lake, kwa futi kamba, kabla hamjaangusha kitu chochote. Asiyeamini kwamba hewa ni kitu hawezi kuamini kwamba hewa inazuia kitu.

Tuna ombi moja kwenu. Katika shule nyingi somo hili hufundishwa kwa kuanzia mwisho. Mwalimu huandika ubaoni kwamba vitu vyote huanguka kwa mchapuko mmoja (kiwango kimoja cha kuongezeka kwa kasi), mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, darasa linanakili, halafu mstari wa mwisho unaongeza, "ikiwa hakuna ukinzani wa hewa." Mwanafunzi huyo ameona embe likidondoka na jani la mwembe uleule likichukua muda wake kufika chini. Anaandika sentensi ya mwalimu kwa ajili ya mtihani, kisha anatoka nje na kuendelea kuamini macho yake. Macho yake hayajamdanganya. Tunawaomba mgeuze mpangilio: anzeni na hewa, ipimeni, ndipo muiondoe. Sheria ya mchapuko mmoja ikija mwishoni, inakuja kama jibu la swali ambalo darasa limeshajiuliza.

Lugha nayo ina sehemu yake hapa. Kwa Kiswahili jiwe linaanguka, lakini unyoya unapeperuka. Kwa kuwa vitenzi ni viwili, mwanafunzi huona matukio mawili yasiyohusiana. Mwonyesheni kwamba unyoya nao unaanguka, ila uzito wake unakabiliwa mapema na kani inayosukuma juu. Neno "mzito" pia lina mtego, kwa sababu sokoni kilo ni uzito, ilhali katika fizikia kilo ni tungamo na uzito ni kani inayopimwa kwa nyutoni. Amueni maneno mtakayotumia siku ya kwanza na msiyabadilishe: tungamo, uzito, kani, mchapuko, ukinzani wa hewa, na kasi kikomo, yaani kasi isiyoongezeka tena kwa kuwa ukinzani umelingana na uzito. Mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, tunajua, lakini wazo likishakaa vizuri kichwani, jina lake la mtihani huongezwa kwa dakika tano.

Jaribio la kwanza linahitaji karatasi mbili za A4 kutoka rimu moja. Rimu nyingi zimeandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi 16 za A4 hufunika mita moja ya mraba, hivyo kila karatasi ni gramu 5. Kwa shule isiyo na mizani nyeti hilo ni jambo kubwa, kwa maana tungamo unalijua bila kupima. Finyanga karatasi moja iwe mpira wa kipenyo cha sentimita 6 hivi. Kabla ya kuziachia, kila mwanafunzi aandike utabiri wake kwenye daftari. Ukiuliza kwa kunyoosha mikono, darasa zima litamfuata yule wanayemjua kuwa hodari, nawe hutajua nani alifikiri nini. Halafu achia zote mbili kutoka mita 2. Tungamo ni lilelile na uzito ni uleule, karibu nyutoni 0.05, lakini mpira unafika kwanza kwa mbali. Hapo maelezo ya "kizito hufika kwanza" yamekwama mbele ya darasa bila mwalimu kusema neno.

Karatasi iliyolala bapa hukutana na ukinzani unaolingana na uzito wake ikiwa na kasi ya mita 1 na kidogo tu kwa sekunde. Bila hewa, kasi hiyo ingefikiwa ndani ya sentimita 7 za kwanza. Ndiyo maana karatasi inaonekana kukataa kuanguka tangu mwanzo. Inateleza pia kushoto na kulia, kwa hiyo msijaribu kuipima kwa saa. Kazi yake ni kuleta swali.

Walimu wengi hupita haraka sehemu inayofuata, nayo ndiyo yenye utajiri. Angusheni mpira uleule wa karatasi pamoja na kijiwe kutoka mita 2. Vitatua karibu pamoja, kwa tofauti ya sehemu 3 kwa mia za sekunde ambayo ni rahisi kutoitambua. Darasa litashangilia kwamba vitu vyote huanguka sawa. Sasa mtume mtu kwenye varanda ya ghorofa, mita 6 juu, arudie. Kijiwe kitatangulia kwa karibu sehemu 2 za kumi za sekunde, na kila mtu ataona. Hewa ilikuwapo tangu mwanzo, ila kwenye mita 2 mpira ulikuwa haujapata kasi ya kutosha kuifanya hewa ijibu. Anayeonyesha jaribio kutoka juu ya meza peke yake anamfundisha mwanafunzi kwamba ukinzani wa hewa ni jambo la manyoya tu. (Huko ghorofani kijiwe kisizidi ukubwa wa punje ya mahindi, na chini pawe na mtu mzima anayezuia wanafunzi wasipite.)

Kwa mawe mawili, moja la gramu 100 na jingine la kilo 1, kutoka mita 3, hamtaona tofauti yoyote. Yote hutumia karibu sekunde 0.78. Hata mwisho wa safari, hewa inazuia jiwe la gramu 100 kwa kani ambayo ni kama sehemu 2 tu kwa mia za uzito wake. Jaribio la kitabu na karatasi juu yake ni zuri kwa dakika moja, mradi karatasi isitokeze nje ya kitabu. Msilitumie kama uthibitisho, kwa sababu kitabu kinaikinga karatasi na hewa, na mwanafunzi makini atawauliza kama kitabu hakiivuti. Atakuwa ameuliza swali la haki.

Sasa tuje kwenye koni, kwa kuwa hapa ndipo darasa linapopata namba zake lenyewe.

Kwenye karatasi ya A4 chora duara la nusu kipenyo sentimita 10, ulikate. Duara hilo ni nusu ya karatasi karibu kamili, kwa hiyo lina gramu 2.5. Kata mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati. Kwa rula ya pembe weka alama ya nyuzi 90 kutoka kwenye mkato, kisha telezesha ukingo mmoja juu ya mwingine mpaka ufike kwenye alama. Bana kwa kipande kimoja cha selotepu cha sentimita 3, upande wa ndani. Umepata koni yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 15. Ikiangushwa, ncha hukaa chini yenyewe na koni hushuka wima, imetulia, kwa kasi ya karibu mita 1.9 kwa sekunde. Kila kikundi kitengeneze nne zinazofanana. Darasa la wanafunzi 80 likigawanywa makundi 16 ya watano watano linahitaji karatasi 64, rula 16, na mikasi mnayoweza kupokezana.

Uzuri wa koni ni kwamba zinaingiliana. Ukitumbukiza moja ndani ya nyingine, umeongeza tungamo bila kubadilisha umbo wala upana unaokabili hewa. Ukiongeza uzito kwa kubandika sarafu au kipande cha udongo kwa nje, umebadilisha mambo mawili kwa mpigo, na matokeo hayatakuambia ni lipi lililofanya kazi.

Waulizeni wanafunzi: koni nne zilizoingiliana zitashuka mara ngapi haraka kuliko moja? Wengi watasema mara nne. Jibu ni mara mbili, na sababu yake inaweza kuelezwa bila fomula. Kitu kikienda kwa kasi maradufu, kila sekunde kinakutana na hewa maradufu, na kila kipande cha hewa hiyo kinasukumwa pembeni kwa kasi maradufu. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Koni nne zina uzito mara nne, nazo zitaendelea kuongeza kasi mpaka ukinzani uwe mara nne, jambo linalotokea kasi inapokuwa mara mbili. Hili ndilo jibu kwa mwanafunzi wa chini ya mwembe. Kwa umbo na ukubwa uleule, kilicho kizito kweli hufika kwanza ndani ya hewa, kwa sababu kinahitaji kasi kubwa zaidi kabla ya ukinzani wa hewa kulingana na uzito wake. Alikuwa sahihi, na sasa anajua kwa nini.

Kipimo kisicho na saa ni hiki. Mwanafunzi mmoja aachie koni moja kutoka mita 2, mwingine aachie koni nne kutoka mita 4 kwenye ngazi, kwa hesabu moja. Kwa nadharia tupu zinatua pamoja. Kwa kweli zile nne zitachelewa kidogo, kama sekunde 0.13, na hapo ndipo walimu wengi huamua kwamba jaribio limeshindwa. Halijashindwa. Koni haizaliwi na kasi kikomo, lazima iifikie. Koni moja inakuwa imekaribia kasi yake baada ya kushuka kama nusu mita, lakini zile nne zinahitaji zaidi ya mita 2. Muda huo wa kuongeza kasi ndio uliozichelewesha. Shusheni zile nne hadi mita 3.5 na zitatua pamoja na moja. Mruhusuni mwanafunzi atafute kimo hicho mwenyewe, sentimita 10 kwa sentimita 10, kabla ya kumweleza chochote.

Kwa kupima kasi yenyewe, msianze saa koni inapoachiwa. Achieni kutoka mita 4, wekeni alama ya utepe ukutani mita 2 kutoka chini, na mpime mita 2 za mwisho tu. Hata hivyo kidole cha binadamu huchelewa karibu sehemu 2 za kumi za sekunde, na koni nne hupita mita hizo kwa nusu sekunde na kidogo. Kosa hilo ni kubwa mno. Simu ya kawaida ni bora kuliko saa, maana hupiga picha 30 kwa sekunde. Bandikeni ukutani ukanda wa manila wenye alama nyeusi kila sentimita 10, koni ishuke karibu kabisa na ukanda huo, na simu iwekwe mita 3 au zaidi mbali, katikati ya kimo, juu ya dawati na siyo mkononi. Sogezeni video picha moja moja. Koni moja itasogea kama sentimita 6 kwa kila picha, nne kama sentimita 12 au 13. Nafasi kati ya picha zikiwa sawa, mnaiona kasi kikomo kwa macho.

Chora grafu ya kasi kipeo cha pili dhidi ya idadi ya koni. Mtegemee kitu kama 3.6, 7.2, 10.7 na 14.3, mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Namba zenu zitatofautiana kidogo na hizi, kulingana na ulivyokunja na mahali shule ilipo. Kabale, kwenye vilima, hewa ni nyepesi kuliko Kampala, na koni itakwenda kasi kidogo zaidi. Mstari ukipinda kuelekea chini upande wa koni nyingi, maana yake mmeachia kutoka chini mno. Mstari ukikata mhimili juu ya sifuri, angalieni saa yenu.

Yanayoharibu jaribio hili tunayajua kwa majina. Upepo ndio wa kwanza: darasa lenye matundu ya matofali chini ya dari halifungiki, na shule za ukanda wa ziwa hupata upepo mchana. Fanyeni asubuhi, ndani ya ukumbi au kwenye ngazi za ndani, kamwe si kwenye varanda. Ya pili ni mkono. Ukishika koni kwa ncha na kuvuta vidole, unaisukuma. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, mdomo ukiwa juu na sambamba na sakafu, kisha fungua vidole bila kushusha mkono. Ya tatu ni koni inayopinduka, mara nyingi kwa sababu ncha imebonyea au selotepu imejaa upande mmoja. Ya nne ni karatasi iliyolala kwenye stoo msimu wa mvua: imenyonya unyevu, ni laini na nzito, na gramu 2.5 zenu si 2.5 tena. Chukueni karatasi kutoka rimu iliyofunguliwa siku hiyo. Ya tano, koni zilizoingiliana kwa kulegea hutenganishwa na hewa njiani. Zisukume mpaka zishikane.

Kuhusu mawazo potofu, mawili yanahitaji muda wenu. La kwanza: mwanafunzi anasikia kwamba kwenye kasi kikomo kani mbili zimelingana, anahitimisha kwamba kitu kimesimama. Mpeni mfano wa boda boda inayokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, mshale wa kasi hautikisiki. Injini inasukuma mbele, hewa na msuguano vinarudisha nyuma, sawasawa, na abiria bado anafika sokoni. Kani zikilingana, kinachokoma ni mabadiliko ya kasi.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni kuchanganya hewa na mvutano: kwamba mahali pasipo na hewa vitu huelea. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi na kuachia nyundo ya kilo 1.32 na unyoya wa kipanga wa kilo 0.03 kwa wakati mmoja, mbele ya kamera. Vilianguka vyote viwili na kugusa vumbi pamoja. Hakukuwa na hewa, lakini mvutano ulikuwapo, mdogo, karibu sehemu moja ya sita ya wetu. Kutoka kimo cha mita 1.6 vilichukua karibu sekunde 1.4, pale ambapo nyundo hapa kwetu ingechukua chini ya 0.6. Mkiwa na video hiyo kwenye simu, ionyesheni baada ya koni na siyo kabla. Ikitangulia ni mchezo wa kushangaza, lakini ikifuata koni, mwanafunzi anajua ni nini kilichoondolewa.

Parachuti ya kaveera (mfuko wa plastiki) ni kazi nzuri ya nyumbani. Kata miraba ya sentimita 20, 30 na 40, funga nyuzi nne zenye urefu sawa na upande wa mraba, na ning'iniza vizibo vya soda. Tundu la sentimita 1 katikati huzuia parachuti kuyumba, kwani bila tundu hewa iliyonaswa humwagikia upande mmoja na kisha mwingine. Upande ukiwa maradufu, eneo ni mara nne na kasi ni karibu nusu. Mzigo lazima uwe mzito kuliko plastiki yenyewe, vinginevyo mraba mkubwa umebadilisha eneo na tungamo pamoja, kosa lilelile la sarafu kwenye koni. Mbegu zenye mabawa za jakaranda na za mti ambao Waganda huuita kifabakazi zimejaa kwenye viwanja vya shule, zikusanyeni pia.

Na mvua. Tone la milimita 2 hutua kwa karibu mita 6.5 kwa sekunde. Likianguka mita 2,000 bila hewa, lingefika kwa karibu mita 200 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Waacheni wanafunzi wakokotoe, kisha waeleze jani la mgomba lingekuwa na hali gani.

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi aonyeshe uwezo kwa kutenda. Basi katika kusahihisha, mwanafunzi aliyepata 1.8 badala ya 2 na akaandika kwamba koni nne hazikuwa zimefikia kasi kikomo apewe alama nyingi kuliko aliyeandika 2 kamili bila maelezo. Mwulizeni pia huyo wa pili awaonyeshe vipimo vyake.

Karatasi na mikasi viko kwenye meza ya nyuma, rula za pembe ni sita kwa hiyo mtapokezana. Makundi yaliyo karibu na ngazi yaanze na jaribio la mita 2 na mita 4. Waliobaki humu ndani wabandike ukanda wa manila ukutani na waanze na koni moja. Tafadhali fungeni madirisha ya upande wa kushoto kwanza.